Tendo la mtu huenda wapi? Chimbuko la Uhindu na Ubudha katika India ya kale

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu wa historia, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na wazazi mliofika: wakubwa shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie chimbuko na imani za Uhindu na Ubudha katika jamii ya kale. Shuleni mada hii tunaipitisha mbiombio. Tunasema Wahindu wana miungu mingi, Buddha alikaa chini ya mti akapata nuru, basi, tunahamia Ugiriki. Jambo hili linaniuma. Mtaa wa Kisutu pale Dar es Salaam una mahekalu ya Kihindu, Mombasa na Unguja vilevile, na Upanga kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka. Watu hawa tumeuziana na kununuliana, tumesoma nao darasa moja, tumewazika wazee wetu nao wakiwa wamesimama pembeni wakitupa pole. Bado wengi wetu hatujui jirani anaamini nini anapomchoma maiti wake badala ya kumzika.

Kwa hiyo sitawapa orodha ya miungu. Nataka tufuate swali moja tu, tulione linavyosafiri kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtu akishatenda jambo, jema au baya, tendo lile linakwenda wapi? Linaishia pale pale? Linamfuata hata kaburini? Na kama yeye hayupo tena, linamfuata nani? Kwa maoni yangu dini hizi mbili zimekua kutokana na swali hilo. Ziliishi bonde moja, zikasikilizana, zikabishana, kila moja ikabadilika kwa sababu ya mwenzake.

Tuanzie kaskazini-magharibi. Katika bonde la mto Indus, ndani ya Pakistan ya leo na nchi jirani, ilistawi miji mikubwa kama Harappa na Mohenjo-daro, kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi. Ilikuwa na mitaa iliyonyooka na mifereji ya maji machafu, na Mohenjo-daro kulikuwa na bwawa la kuogea la matofali ya kuchoma. Wako wataalamu wanaoona katika mihuri ya miji hiyo dalili za ibada zilizojitokeza baadaye katika Uhindu. Lakini maandishi yake hayajasomeka mpaka leo, kwa hiyo sikai hapo.

Sauti za watu tunaanza kuzisikia katika Rigveda. Ni nyimbo 1,028 katika vitabu 10, zilizotungwa Punjab na maeneo ya karibu, takriban kati ya mwaka 1500 na 1000 KK. Waliozitunga walikuwa wafugaji wa ng'ombe, watu wa farasi na magari ya vita. Walimwita Indra, mungu wa radi na vita, awavunjie ngome za adui. Walimwita Agni, ambaye ni moto wenyewe, awapelekee sadaka zao juu. Walikamua mmea waliouita soma, wakanywa maji yake wakati wa ibada. Ukisoma nyimbo hizo unakuta maombi ya watu wa kawaida kabisa: mvua, watoto wa kiume, ng'ombe wengi, umri mrefu. Umo hata wimbo wa mcheza kamari anayelia kwamba dado zimemfilisi, mkewe amemchoka, mama mkwe hataki kumwona, na bado akizisikia dado zinabingirika miguu inamwenda yenyewe.

Nyimbo hizo hazikuandikwa. Zilihifadhiwa kichwani, karne baada ya karne. Mliopitia madrasa mnajua kazi ya kuhifadhi ilivyo, mnajua mwalimu anavyokurudisha ukikosea irabu moja. Vijana wa Kibrahmin, yaani wa koo za makuhani, walipitishwa njia ngumu zaidi: walisoma neno la kwanza na la pili, wakarudi la pili na la kwanza, wakaenda la kwanza, la pili na la tatu, wakarudi tena kinyumenyume, mpaka kosa likose pa kupenyeza. Mimi nikifikiria kazi hiyo hunijia heshima kubwa kwa watu wale. Mfalme aliweza kujenga ukuta ukaanguka. Hawa walijenga kwa pumzi tu, na walichokijenga kipo.

Sasa, wakati huo tendo lenye uzito lilikuwa tendo la madhabahuni. Dunia iliendeshwa na sadaka: ukiisoma vizuri, ukamwaga samli motoni kwa wakati wake, jua litachomoza na mvua itanyesha. Sadaka zikawa kubwa na za gharama. Madhabahu moja mashuhuri ilijengwa kwa umbo la ndege aliyetandaza mabawa, matabaka matano ya matofali, kila tofali na maneno yake. Familia za makuhani huko Kerala, kusini mwa India, zilifanya ibada hiyo tena mwaka 1975, siku 12, na watafiti wakairekodi kwa filamu.

Sadaka kubwa inahitaji mtaalamu wa kuiongoza na tajiri wa kuigharamia. Hapo jamii inaanza kugawanyika kwa mpango. Wimbo mmoja wa kitabu cha kumi cha Rigveda unasema miungu walimtoa sadaka mtu wa kwanza, Purusha. Kinywa chake kikawa Mabrahmin, yaani makuhani. Mikono yake ikawa watawala na askari, mapaja yake wakulima na wafanyabiashara, na nyayo zake Mashudra, watumishi. Katika wimbo ule mgawanyo huo umesemwa kwa beti chache tu. Baadaye ulikuja kuwa sheria ya nani aoe wapi, nani ale na nani, nani asikie Veda, yaani maandiko matakatifu kama hiyo Rigveda, na nani asizisikie, na chini kabisa ya matabaka yote manne wakawekwa watu waliohesabiwa kuwa hawastahili hata kuguswa. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Ila hata katika Rigveda yenyewe shaka imeanza. Kuna wimbo unaouliza ulimwengu ulitoka wapi, ukieleza kwamba mwanzoni hakukuwa na kuwepo wala kutokuwepo, hakukuwa na mauti wala uzima. Unamaliza kwa kusema kwamba anayeutazama ulimwengu kutoka mbingu ya juu kabisa, yeye anajua ulikotoka. Au huenda hata yeye hajui. Wanafunzi, hayo yamo ndani ya maandiko matakatifu yenyewe, na makuhani hawakuyafuta. Waliyahifadhi kichwani pamoja na mengine yote.

Tushuke mashariki, bonde la mto Ganges, kwenye karne ya saba na ya sita KK. Hapa zinatungwa Upanishadi, maandiko ya mafundisho na midahalo juu ya mtu na ulimwengu. Katika moja ya zile za kale zaidi, Brihadaranyaka, Janaka mfalme wa Videha anafanya sadaka, na Mabrahmin wamejaa uani. Mfalme anatenga ng'ombe elfu moja, kila mmoja amefungwa dhahabu pembeni, anasema: mwenye elimu kuliko wote awachukue. Mwalimu mmoja, Yajnavalkya, hangoji mashindano. Anamwambia mwanafunzi wake, waswage nyumbani. Wenzake wanawaka hasira, wanamshambulia kwa maswali mmoja baada ya mwingine. Miongoni mwao yumo mwanamke, Gargi, anayembana kwa kumuuliza ulimwengu umefumwa juu ya nini, na hicho nacho kimefumwa juu ya nini, mpaka mwalimu anamwonya asizidi.

Anayenigusa zaidi lakini ni Artabhaga. Anauliza: mtu akifa, sauti yake ikaingia motoni, pumzi upepo, jicho jua, akili mwezi, mwili ardhi, nywele majani na miti, mtu mwenyewe anakuwa wapi? Yajnavalkya anamwambia: nipe mkono, rafiki yangu, jambo hili tutalijua sisi wawili, si la kusemwa mbele ya watu. Wanatoka nje. Na andiko linasema walichokizungumza huko nje kilikuwa tendo, karma. Mtu huwa mwema kwa tendo jema, na mwovu kwa tendo ovu.

Zingatieni kwamba lilisemwa kwa siri. Leo neno karma liko midomoni mwa kila mtu, hata kwenye vibandiko vya magari. Siku ile lilikuwa fundisho jipya la kunong'onezwa, kwa sababu linageuza kila kitu. Kama kinachomfuata mtu ni wema na ubaya wa maisha yake, basi samli ya madhabahuni inashuka thamani. Mtu anakufa na kuzaliwa tena, na tena, akibeba alichokitenda, na mzunguko huo, samsara, hauna mwisho wa wenyewe.

Upanishadi zikatoa na njia ya kutokea. Ndani kabisa ya mtu, chini ya jina lake na mwili wake na tamaa zake, kuna nafsi, atman, isiyozaliwa wala kufa. Na nafsi hiyo ni ile ile asili ya ulimwengu wote, Brahman. Katika Upanishadi iitwayo Chandogya, baba mmoja, Uddalaka, ana mwana, Shvetaketu, aliyerudi kutoka masomoni akiwa na miaka 24 na majivuno tele. Baba anamwambia: tia chumvi hii kwenye maji, uje asubuhi. Asubuhi anamwambia: nipe ile chumvi. Kijana anapapasa, haioni. Onja juu. Ina chumvi. Onja katikati. Ina chumvi. Onja chini. Chumvi. Huioni, anasema baba, lakini ipo humo. Na huo ukweli usioonekana ndio wewe, Shvetaketu. Anayelijua hilo kwa kuliishi anafunguliwa, na kufunguliwa huko ndiko moksha. Huu ndio moyo wa Uhindu wa kifalsafa, na anayesema Mhindu anaabudu sanamu tu hajaufikia mlango wake.

Wakati huo huo bonde linabadilika. Jembe na shoka za chuma, mashamba ya mpunga, miji inakua: Rajagriha, Shravasti, Varanasi. Sarafu za fedha zilizogongwa alama zinazunguka sokoni. Falme za Magadha na Kosala zinameza makabila madogo. Kuna matajiri wapya wasio Mabrahmin wala askari, na kuna watu waliong'olewa vijijini kwao. Barabarani wanatembea wanaume, na baadaye wanawake, waliowacha nyumba zao wakiishi kwa kuombaomba na kufundisha. Mmoja wao ni Mahavira, ambaye wafuasi wake, Wajaini, wapo mpaka leo, Mombasa na Nairobi wakiwemo. Mwingine ni Siddhartha Gautama wa ukoo wa Shakya, aliyezaliwa Lumbini, Nepal ya leo; huyu ndiye Buddha.

Maisha yake mnayajua: aliondoka nyumbani akiwa na miaka 29, akajitesa kwa njaa bila faida, akapata mwamko akiwa na miaka 35 chini ya mtini wa aina ya pipal huko Bodh Gaya, akafundisha mpaka alipofariki Kushinagar akiwa na miaka 80. Wengi wa wataalamu wa leo huweka kifo chake karibu na mwaka 400 KK. Hesabu ya zamani ni 483 KK. Hotuba yake ya kwanza aliitoa Sarnath, karibu na Varanasi, kwa wasikilizaji watano. Maisha yana mateso, alisema. Mateso yana chanzo, nacho ni kiu ya kutaka. Kiu ikizimwa mateso yanakoma. Na ipo njia ya kufika huko, yenye sehemu nane, tangu mtazamo sahihi hadi utulivu sahihi wa akili.

Sasa tazameni anavyolichukua swali letu. Kwanza anasema: nia ndiyo ninayoiita tendo. Mtu akisha kukusudia, ndipo hutenda kwa mwili, kwa ulimi na kwa fikra. Tendo limetoka madhabahuni, limepita katika mwenendo, sasa limeingia ndani ya kusudi la mtu. Nia haihitaji kuhani, wala haina kabila, na maskini anayo sawa na mfalme.

Pili, anasema kwamba ile nafsi ya kudumu, ile chumvi ndani ya maji, ukiitafuta hutaipata. Kuna mwili, hisia, utambuzi, misukumo na fahamu, vitu vitano vinavyobadilika kila dakika. Hapo wapinzani wake walimkamia, na mimi naona walikuwa na hoja nzito: kama hakuna nafsi, nani anayelipia tendo? Jibu zuri zaidi ninalolijua lilitolewa karne kadhaa baadaye. Mtawa Nagasena anazungumza na mfalme Milinda, ambaye ndiye Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi ya India katika karne ya pili KK. Mtu ameiba maembe, anasema Nagasena. Analetwa kwako. Anajitetea: maembe aliyoyapanda huyu bwana ni yale aliyoyafukia ardhini, mimi nimechuma mengine. Utamwachilia? Mfalme anajibu: hapana, maana haya ya mtini yametokana na yale. Basi ndivyo anayezaliwa anavyotokana na aliyekufa: si yeye yule, wala si mwingine kabisa.

Tatu, na hapa ndipo jamii inapoguswa, Buddha alikataa kwamba uzawa humfanya mtu mtakatifu. Mtu hawi duni kwa kuzaliwa, wala hawi Brahmin kwa kuzaliwa, alisema. Huwa hivyo kwa matendo. Na alitenda alivyosema. Vijana wa kifalme wa Shakya walipokuja kuwa watawa pamoja na kinyozi wao Upali, kinyozi alipokewa kwanza, ili wao wamwinamie yeye kama mkubwa wao.

Kuna simulizi ya Brahmin mmoja, Kutadanta, aliyefunga mifugo tayari kwa sadaka: mafahali 700, maksai 700, mitamba 700, mbuzi 700, kondoo dume 700. Anamwendea Buddha kumuuliza sadaka ifanywe vipi. Buddha anamsimulia habari za mfalme wa zamani aliyetaka sadaka kubwa huku nchi yake imejaa wezi. Mshauri wake alimwambia: ukiwaua wezi na kuwafunga, watakaobaki watakusumbua. Wape wakulima mbegu, wape wafanyabiashara mtaji, wape watumishi mshahara na chakula. Mfalme akafanya hivyo, wizi ukaisha, watu wakakaa milango wazi. Ndipo sadaka ikafanywa, bila kumchinja hata mnyama mmoja na bila kumlazimisha mtumishi hata mmoja. Kutadanta aliposikia akafungulia mifugo yake yote. Mimi huwasomesha wanafunzi wangu simulizi hii kila mwaka. Ina zaidi ya miaka elfu mbili na bado ina la kuiambia wizara yoyote ya fedha.

Kuhusu wanawake lazima niseme ukweli wote. Buddha alisita kuwapokea kama watawa. Mama aliyemlea, Mahapajapati, aliomba akakataliwa, mpaka mtawa Ananda, msaidizi wa Buddha, alipomsihi kwa niaba yake. Na waliingia kwa masharti manane yaliyowaweka chini ya watawa wanaume. Hata hivyo waliingia, na mashairi yao tunayo. Mmoja, Mutta, anashangilia kwamba ameachiliwa na vitu vitatu vilivyopinda: kinu, mchi, na mume wake mwenye kibyongo. Bibi zetu wangemwelewa bila mkalimani.

Mabrahmin nao hawakukaa kimya. Katika karne za mwisho KK na za kwanza BK ulikamilika Mahabharata, utenzi mrefu wa vita vya ndugu, na ndani yake Bhagavad Gita. Shujaa Arjuna amesimama uwanja wa vita wa Kurukshetra, mbele yake ni jamaa zake, anaangusha upinde. Krishna, mungu anayemwendeshea gari lake la vita, anamwambia: haki yako ni juu ya tendo tu, si juu ya matunda yake. Watawa walisema uache nyumba ili tendo lisikufunge. Gita inasema baki nyumbani, tenda wajibu wako, ila usitamani malipo. Na kwa asiyejua Veda, Krishna anasema anayeniletea jani, ua, tunda au maji kwa upendo, nitapokea. Jibu hilo liliufungua Uhindu kwa mamilioni ya watu wa kawaida, na ibada zao kwa Vishnu, kwa Shiva na kwa Mungu Mama zinatoka katika mkondo huo. Lakini Gita hiyo hiyo inasema ni bora wajibu wako mwenyewe, hata ukiutimiza vibaya, kuliko wa mwingine uliotimizwa vizuri. Na wajibu huo kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kuzaliwa nao. Mlango ulifunguliwa, ngazi ikabaki pale pale.

Aliyelipeleka swali la tendo ikulu ni Ashoka, mfalme wa Magadha kuanzia mwaka 268 KK hivi. Aliivamia Kalinga, pwani ya mashariki, kisha akachonga mwambani kwa amri yake maneno ambayo sijui mfalme mwingine wa kale aliyeyasema: watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 waliuawa, na wengine mara nyingi zaidi wakafa, na mfalme anajuta. Akawa Mbudha. Amri nyingine inaeleza habari za jikoni kwake: zamani waliuawa wanyama maelfu kwa maelfu kila siku kwa ajili ya mchuzi, sasa ni watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku, na hao watatu nao wataachwa. Aliagiza watu wa kila imani waheshimiane, akisema anayeitukuza dini yake kwa kuidharau ya mwenzake anaiumiza ile ya kwake. Kandahar, Afghanistan ya leo, maneno yake yalichongwa kwa Kigiriki na Kiaramu ili wenyeji wayaelewe. Baadaye maandishi yake ya Kihindi yalisahaulika kabisa; hakuna aliyeweza kuyasoma mpaka Mwingereza James Prinsep alipoyafumbua mwaka 1837.

Kwa msaada wa Ashoka Ubudha ulifika Sri Lanka, na kutoka India ulienea Asia ya kati, China, na kusini-mashariki. Kwao ulikozaliwa ukafifia kidogo kidogo, na Wahindu wengi wakamhesabu Buddha kuwa mmoja wa maumbo ya Vishnu.

Niliahidi kurudi kwa wale waliowekwa chini ya matabaka manne. Bhimrao Ambedkar alizaliwa kwao mwaka 1891. Alisoma Marekani na Uingereza, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India huru, katiba iliyopiga marufuku kumtenga mtu kama asiyeguswa. Mwaka 1935 alikuwa ametangaza kwamba alizaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Alipochagua pa kwenda hakutoka nje ya India. Alirudi kwenye ubishi ule wa kale, akachagua upande wa yule aliyempokea kinyozi kwanza. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Wapo Wahindu waliochukizwa, na wapo Wahindu waliopigana na utengano huo kutoka ndani ya dini yao, kwa kusoma Upanishadi zile zile za Yajnavalkya na Uddalaka. Mjadala huo unaendelea India leo, mahakamani, vyuoni na majumbani.

Naona mwenyekiti ameshaangalia saa. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Maswali karibuni, na ningependa waanze wanafunzi.